Kigego na Mapacha

  Mwalimu wa darasa, tafadhali andika maneno mawili ubaoni: KIGEGO, na chini yake MAPACHA. Yaache hapo mpaka mwisho wa somo.

Kigego mnamjua. Ni mtoto aotaye meno ya juu kabla ya meno ya chini. Zamani katika Uzigua, Bonde na Usambaa, na hata Uzaramo, watu waliamini kwamba mtoto wa namna hiyo ana nuksi. Akiachwa aishi, jamaa zake watakufa mmoja mmoja. Kwa hiyo hakuachwa. Mama alimnyonyesha mwanawe miezi mingi, akaizoea sauti yake na kicheko chake. Halafu siku moja alipitisha kidole katika ufizi, akagusa jino mahali pasipotakiwa. Fikirini kidogo hali ya mama huyo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amefundishwa tangu utoto kwamba kumwokoa huyu mmoja ni kuwaua wote wengine.

Sasa twende mbali, mpaka Nigeria, Afrika ya Magharibi, katika nchi ya Waigbo. Huko waliotupwa walikuwa mapacha. Walitiwa katika vyungu, wakaachwa msituni walie mpaka wanyamaze. Habari hiyo imo katika hadithi maarufu ya Chinua Achebe, iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1958. Bwana Clement Ndulute aliifasiri kwa Kiswahili, ikatoka mwaka 1973 kwa jina la Shujaa Okonkwo. Achebe alizaliwa mwaka 1930. Baba yake alikuwa mwalimu wa dini katika misheni, lakini katika ukoo wao walikuwako pia waliobaki na dini ya wazee. Basi mtoto huyu alikua akitazama pande mbili, na kitabu chake kinatazama pande mbili.

Hadithi yenyewe, kwa ufupi, ni hii. Okonkwo ni mtu mwenye nguvu na sifa katika kijiji cha Umuofia. Nyumbani mwake analelewa kijana Ikemefuna, aliyetolewa na kijiji kingine kuwa fidia ya damu. Mwana wa Okonkwo, Nwoye, anampenda kijana huyo kama kaka yake. Kisha mungu wa kijiji anaamuru Ikemefuna auawe, na Okonkwo, kwa kuogopa kuitwa dhaifu, anampiga panga kwa mkono wake mwenyewe. Nwoye anajua. Hasemi neno, lakini ndani yake kitu kimekatika. Aliwahi pia kusikia watoto mapacha wakilia msituni, na moyo wake haukupata jibu.

Baadaye wamisheni wanafika. Wanapoomba kiwanja katika kijiji cha Mbanta, wazee wanawapa msitu mbaya, mahali pa kutupia maiti zenye nuksi, wakitumaini kwamba watakufa huko upesi. Siku zinapita, hawafi. Ndipo watu wanaanza kuwaendea. Na wanaokwenda ni nani? Mwanamke mmoja, Nneka, mwenye mimba, ambaye mara nne amezaa mapacha, na mara nne wametupwa. Kisha wale waitwao osu, watu waliotengwa, wasioruhusiwa hata kuoa watoto wa walio huru. Na Nwoye mwenyewe. Wakubwa hawakwenda kwanza. Dini mpya iliingia kijijini kwa kupitia majeraha ambayo desturi ya wazee ilikuwa imeyafanya na haikuyaponya.

Mimi naona hiyo ndiyo sehemu kubwa ya kitabu hiki, na ndiyo inayotufaa sisi wa huku. Rudini sasa nyumbani, katika milima ya Nguu. Upande mmoja wa milima hiyo ulikuwa katika wilaya yetu ya Handeni, na sasa umo katika wilaya ya Kilindi, iliyokatwa kutoka Handeni mwaka 2002. Huko Nguu ndiko alikotoka Mbegha, mwindaji wa nguruwe mwitu. Masimulizi yanasema Mbegha alikuwa kigego. Wazazi wake hawakumwua, walimficha na kumlea. Alipokua, jamaa zake walimnyima urithi, wakasema vifo vya ukoo vimetokana na yeye. Akaondoka na mbwa wake. Katika milima ya Usambaa aliwaua nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba, akawagawia watu nyama, akaamua kesi zao kwa haki. Mwishowe Vuga wakamfanya mfalme, wakamwita Simba Mwene. Wafalme wote Wakilindi ni wazao wake.

Mmeona jambo hili? Kigego aliyestahili kufa ndiye baba wa wafalme, na ndiye mwanzo wa ukoo ulioaminiwa kuwa na uwezo wa mvua! Tena hakuna mgeni wa dini yo yote aliyetunga habari hiyo. Wazee wenyewe waliisimulia jioni kwa jioni, na huku vigego wakiendelea kuuawa. Yaani wasiwasi wa Nwoye ulikuwamo humu humu ndani ya desturi yetu, kabla padre hajafika.

Dini mpya zilikuja kwetu kwa njia mbili, na hapa hatufanani na Waigbo wa Achebe. Dini ya Kiislamu ilipanda kutoka Pangani na Saadani pamoja na biashara, ikashika Wazigua wengi. Mmisheni Krapf alipofika Vuga kwa Mfalme Kimweri mwaka 1848, alikuta Uislamu umekwisha ingia hata nyumbani mwa mfalme. Dini ya Kikristo ilishika Magila, katika Bonde, kwa kazi ya misheni ya Waingereza iliyoitwa UMCA. Padre Farler alifika hapo mwaka 1875. Kutoka Magila ilienea mpaka Korogwe, na baadaye Kideleko. Dini zote mbili zilikataa kuua kigego. Kwa mama mwenye mtoto wa namna hiyo, jambo hili halikuwa mabishano ya vitabuni.

Lakini Achebe hakuishia hapo, nasi tusiishie hapo. Katika hadithi yake mna wamisheni wawili. Bwana Brown alikaa na mzee Akunna, wakazungumza habari za Mungu, kila mmoja akimsikiliza mwenzake. Baada yake alikuja Bwana Smith, aliyeona kila kitu ama cheupe ama cheusi. Siku zake mwongofu mmoja mkali, Enoch, alimvua kinyago mmoja wa wazee waliosimama mahali pa mizimu ya mababu, mbele ya watu wote. Kwa Waigbo hilo lilikuwa kumwua mzimu. Watu wakalichoma kanisa, serikali ikawafunga viongozi na kuwatoza faini, na mambo yakaharibika kabisa.

Na huku? Magila misheni iligombana na Wakristo wake kwa sababu ya galo, mafundisho ya vijana wa Kibondei. Vijana walitaka kuwa Wakristo, lakini hawakutaka kuitwa watoto maisha yao yote na wenzao. Kusini, huko Masasi, Padre Vincent Lucas, wa misheni hiyo hiyo, alishika njia nyingine. Tangu mwaka 1913 alifanya jando ndani ya kanisa, akaacha kambi na mafundisho yaliyofaa, na mahali pa dawa za mganga akaweka sala. Wako waliomsifu, na wako wazee walionung'unika kwamba padre amewapokonya jando lao. Hata hivyo hakuivua desturi nzima mbele ya watu kama Enoch.

Nitaongeza neno moja ambalo hunifurahisha. Habari za Mbegha ziliandikwa kwa Kiswahili na Mwislamu, Abdallah bin Hemedi, katika kitabu kiitwacho Habari za Wakilindi. Habari hizo ni za wafalme wenye matambiko, na zilipigwa chapa kwanza kwa mashine ya misheni huko Magila. Toleo jingine lilitoka mwaka 1962.

Okonkwo, yeye, hakupata nafasi ya kuandikwa na watu wake. Alimwua tarishi wa serikali, akaona kijiji hakimfuati, akajinyonga. Na kwa desturi ile ile aliyoipigania, mtu aliyejiua haguswi na ndugu zake. Wageni ndio waliomzika.

Kazi ya juma hili. Nendeni kwa mzee, mume au mke, mkamwulize: je, hapa kijijini alikuwako kigego aliyefichwa akaishi? Nani alimficha, na watu walisemaje? Andikeni sentensi tano. Jina la mtu msiliandike, maana huenda wajukuu wake mmeketi nao darasani. Kwaherini.