Kimo cha Nyuzi

Wapiga gitaa wengi huiita "eksheni": nafasi iliyopo kati ya uzi na freti, zile pau nyembamba za chuma zinazokatiza shingo ya gitaa. Kwa Kiswahili kimo cha nyuzi kinatosha. "Urefu wa nyuzi" haufai, maana urefu wa uzi ni kipimo kingine. Kwenye Stratocaster, gitaa la umeme la Fender, ni milimita 648, kutoka kizingiti (upande wa kichwa) hadi daraja (kwenye mwili).

Fender hupendekeza kimo cha milimita 1.6 hivi, kikipimwa kwenye freti ya 17. Kikizidi sana, vidole huuma na noti hupanda, kwa kuwa uzi unaokandamizwa kutoka mbali huvutika zaidi. Kikipungua mno, uzi hugonga freti na kukwaruza. Mpiga solo wa muziki wa dansi, ambaye vidole vyake hushinda karibu na mwili wa gitaa, huihisi kasoro hiyo upesi.

Gitaa la bei nafuu huonewa sana hapa. Chukua Squier, chapa ya bei nafuu ya Fender. Awali lilikuwa jina la kampuni ya nyuzi ya Battle Creek, Michigan, ambayo Fender iliinunua mwaka 1965. Mwaka 1982 jina hilo likawekwa kwenye magitaa yaliyoundwa Japani, yashindane na nakala za Stratocaster zilizokuwa zikitoka hukohuko kwa bei ya chini. Magitaa yale ya awali leo yanasakwa na wakusanyaji.

Kiwanda kinapobana gharama, mara nyingi hubana muda wa fundi. Mifereji sita ya kizingiti huachwa na kina kifupi, na anayeumia ni mwanafunzi anayehangaika na kodi ya F kwenye freti ya kwanza. Mnunuzi aukandamize uzi kwenye freti ya tatu, kisha achungulie juu ya freti ya kwanza: mwanya ukipita unene wa karatasi chache, kizingiti kiko juu. Fundi mwenye tupa nyembamba hulimaliza hilo kwa muda mfupi. Upande wa daraja ni rahisi zaidi. Kwenye gitaa la aina ya Stratocaster kila uzi una skrubu zake mbili ndogo za kuushusha au kuupandisha. Baada ya marekebisho hayo yote, bei ya gitaa haijaongezeka sana.

Shingo iliyojisokota haina tiba rahisi namna hiyo. Gitaa la hivyo liachwe dukani.