Mawe ya Karonge na Feni ya Motokari

Mtu akisimama asubuhi ufukoni kwa Uvira na kutazama upande wa maawio ya jua, aliona Ziwa Tanganyika limetanda mbele yake, na ng'ambo mji wa Bujumbura. Nyuma ya mji huo, na kuelekea kusini, imeinuka milima ya Burundi. Wavuvi wetu waijua sana milima hiyo, maana usiku huiangalia ili wasipotee majini. Lakini wachache wajua ya kuwa ndani yake, mahali paitwapo Karonge na Gakara, mwendo wa kilometa 20 hivi kutoka Bujumbura, yamo mawe ambayo habari zake zimefungamana na habari za chombo kidogo sana: mota ya umeme inayozungusha feni katika motokari na kumpulizia msafiri hewa.

Huenda msomaji akasema, “Feni ya motokari ni jambo dogo, lafaa nini kuandikiwa historia?” Asubiri kidogo. Na ashuke pamoja nasi kutoka Bukavu.

Joto la bonde na vumbi la njia

Bukavu iko juu, karibu meta 1,500 juu ya usawa wa bahari. Uvira iko chini, kando ya ziwa, karibu nusu ya kimo hicho. Motokari ikiisha kuteremka makona ya Ngomo na kufika Kamanyola, msafiri ahisi kana kwamba ameingia nchi nyingine. Joto la bonde la Ruzizi lamlaki. Akifungua dirisha, vumbi laingia. Akilifunga, apikwa kama muhogo ndani ya sufuria. Kwa hiyo feni si mapambo. Kwa mgonjwa anayepelekwa hospitali, kwa mama aliyebeba mtoto mchanga, kwa dereva aliyekaa kwenye usukani tangu alfajiri, hewa ni msaada mkubwa.

Watu wa Amerika waliona shida hiyo zamani. Mwaka 1939 kampuni ya Packard ilionyesha motokari yenye mtambo wa kupoza hewa uliofungwa kiwandani. Mtambo huo ulikuwa mzito, ukala nusu ya sanduku la mizigo nyuma. Dereva aliyetaka kuuzima kabisa hakuwa na budi kusimama, kufungua boneti na kuutoa mkanda kwenye injini. Tangu siku hiyo mafundi wamefanya kazi ya kupunguza mambo matatu: uzito, kelele, na umeme unaoliwa.

Mota ni nini?

Mwingereza Michael Faraday alionyesha mwaka 1821 ya kuwa waya wenye umeme, ukiwekwa karibu na sumaku, wasukumwa na kuzunguka. Mwaka 1831 akaonyesha na upande wa pili wa jambo hilo: ukisogeza sumaku karibu na waya, umeme wazaliwa ndani ya waya. Mambo hayo mawili ni kama mlango mmoja wenye kufunguka pande zote mbili. Maji ya Ruzizi, yanapozungusha mashine pale Mururu karibu na Bukavu, tangu mwisho wa miaka ya 1950, huzaa umeme kwa njia hiyo ya pili. Na mwaka 1989 kikaongezwa kituo cha Ruzizi ya pili, mali ya Congo, Rwanda na Burundi pamoja. Umeme ukiisha kufika nyumbani Uvira na kuzungusha feni, ni njia ile ya kwanza.

Basi katika kila mota pana pande mbili zinazovutana na kusukumana. Zamani, katika mota nyingi za motokari, pande zote mbili zilikuwa waya wa shaba uliozungushiwa chuma, na zote zilikula umeme wa betri. Shaba ni nzito, na betri ya motokari ni ndogo. Feni yenye kula wati 240 kwenye betri ya volti 12 yahitaji ampea 20; si kidogo. Mafundi wakafikiri: kama upande mmoja ungekuwa sumaku ya kudumu, isiyohitaji umeme wowote, mota ingekuwa nyepesi na betri ingepumzika. Lakini sumaku za kale zilikuwa dhaifu, tena zilipoteza nguvu upesi. Ndipo historia ya mota ikaja kugonga mlango wa Congo.

Kobalti ya Katanga

Mwaka 1917 mtaalamu wa Japani, Kotaro Honda, alichanganya chuma cha pua na kobalti, akapata sumaku yenye nguvu kupita zote zilizotangulia. Baada yake, tangu miaka ya 1930, wengine walichanganya alumini, nikeli na kobalti, wakapata nyingine bora zaidi. Na kobalti ilitoka wapi? Sehemu kubwa ilitoka Katanga, katika machimbo ya Union Minière, kampuni iliyoundwa mwaka 1906. Mchimbaji wa Katanga hakujua, wala hakuelezwa, ya kuwa jiwe alilolipakia liliingia katika vyombo vya redio na mashine za Ulaya na Amerika.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kampuni ya Philips ya Uholanzi ilitengeneza sumaku ya namna nyingine, iitwayo feraiti, ya kutu ya chuma iliyochanganywa na madini ya bari na kuokwa kama chungu. Haikuwa na nguvu nyingi, lakini ilikuwa rahisi kwa bei. Kwa sumaku hiyo mota ndogo zilienea katika motokari: za kufuta mvua kiooni, na za kupuliza hewa. Hata leo feni nyingi za motokari zina sumaku za feraiti. Tusidharau kitu cha bei ndogo kinachotimiza kazi yake.

Hata hivyo waliotaka mota ndogo zaidi na yenye nguvu zaidi hawakuacha kutafuta. Katika miaka ya 1960, huko Amerika, Karl Strnat na wenzake waliunganisha kobalti na madini ya jamii iitwayo madini adimu. Ikapatikana sumaku ya samari na kobalti, ndogo kwa umbo, kubwa kwa nguvu. Kwa mara nyingine tena, kobalti!

Mwaka 1978

Mwezi wa Mei 1978 wapiganaji waliotoka Angola waliingia Kolwezi, mji wa machimbo katika jimbo lililoitwa wakati huo Shaba. Watu wengi waliuawa, Waafrika kwa Wazungu. Askari wa Ufaransa walishuka kwa miavuli tarehe 19 ya mwezi huo. Kazi ya machimbo ikasimama kwa muda, na wataalamu wa kigeni wakakimbia. Bei ya kobalti duniani ikaruka mara kadhaa. Hofu ilitangulia upungufu: wanunuzi waliogopa kukosa, wakanunua kwa pupa, na bei ikazidi kupanda.

Wenye viwanda wakajiuliza: twaweza kutengeneza sumaku kali pasipo kobalti? Huko Japani Masato Sagawa alikuwa amekwisha kujiuliza mapema mwaka huo huo kwa nini chuma, kilicho tele duniani, kisichukue nafasi ya kobalti. Huko Amerika John Croat wa kampuni ya General Motors alitafuta jambo lile lile kwa njia yake. Wote wawili, kila mtu kwake, wakafika mahali pamoja: chuma, bori kidogo, na madini adimu yaitwayo neodimi. Mwaka 1983 wakatoa habari zao katika mkutano mmoja wa wataalamu mjini Pittsburgh. Sumaku hiyo leo yaweza kuwa na nguvu zaidi ya mara kumi kuliko feraiti ya ukubwa ule ule.

Jambo hili lastahili kukumbukwa na kila Mkongomani. Vita vya siku chache Kolwezi viliwahimiza wateja wa mbali kuukimbia mlango wetu. Neodimi yenyewe ilikuwa imetambuliwa tangu mwaka 1885 na Carl Auer von Welsbach wa Austria, ikakaa karibu miaka mia bila kazi kubwa. Shida ndiyo iliyoiita.

Mawe ya ng'ambo

Sasa turudi ufukoni kwetu. Mawe ya Karonge yalitambuliwa mwaka 1936, wakati Wabelgiji walipotawala Ruanda-Urundi. Yamo katika mishipa ndani ya mwamba, mingine myembamba kama kidole, na utajiri wake ni wa ajabu: mawe yakiisha kuchaguliwa na kusafishwa, zaidi ya nusu ya uzito wake ni madini adimu. Kati ya mwaka 1948 na 1978 yalichimbwa kwa vipindi, zikatoka tani zipatazo 5,000. Siku zile madini ya jamii hiyo duniani yalitumika kwa mawe ya viberiti vya petroli na kwa kung'arisha vioo. Neodimi iliyokuwamo haikuwa na jina sokoni.

Tazama basi mambo ya dunia. Uchimbaji wa Karonge ulikoma mwaka 1978, mwaka ule ule wa Kolwezi. Na miaka mitano tu baadaye sumaku ya neodimi ikatangazwa. Ni kama mtu aliyeuza shamba lake jana, na leo njia kuu yapitishwa kandokando yake.

Mwaka 2017 kampuni ya Rainbow Rare Earths, yenye asili ya ng'ambo, ilianza kuchimba tena Gakara na kupeleka mawe nje ya nchi. Mwaka 2021 serikali ya Burundi ilisimamisha kazi hiyo, ikisema ya kuwa nchi haikupata sehemu yake ya haki. Kwa wakati huo Uchina ilikuwa imekwisha kushika sehemu kubwa ya kazi yote: kuchimba, kutenganisha madini, na kutengeneza sumaku. Hata Magnequench, kiwanda kilichoanzishwa na General Motors kwa ajili ya sumaku hizo, kilikuwa kimeuzwa mwaka 1995 kwa kundi lenye Wachina ndani yake.

Kazi ya kunyamazisha

Sumaku nzuri peke yake haitoshi; mota yaweza kuwa nyepesi na bado ikapiga kelele. Kwanza, vipande vya makaa vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka husuguana nayo, na kuchakaa. Pili, chuma kinachozunguka kina meno, na kila jino likipita mbele ya sumaku hushtuka. Tatu, uzito ukiwa mwingi upande mmoja, mota yote hutikisika. Nne, vumbi huingia kwenye mabapa ya feni na mahali mhimili unapolala.

Dawa zake ni za akili kuliko za nguvu. Meno huchongwa kwa mshazari, yasipite yote kwa mara moja. Wapiga kasia wa Tanganyika waelewa jambo hilo: wote wakitia kasia kwa kishindo kimoja, mtumbwi hurukaruka; wakipokezana, huteleza. Tena makaa yameondolewa katika mota za namna mpya, na umeme hugeuzwa na vyombo vidogo vya elektroniki. Na zamani, ili feni iende polepole, umeme ulipitishwa katika waya mgumu uliogeuza sehemu yake kuwa moto wa bure. Siku hizi umeme hukatwa na kuunganishwa mara maelfu kwa sekunde. Ukikatwa zaidi ya mara 20,000 kwa sekunde, sikio la mtu halisikii mlio wake.

Kazi hiyo imezidi kuwa ya lazima tangu kuja kwa motokari za umeme. Zamani ngurumo ya injini iliificha sauti ya feni. Injini ikinyamaza, feni yasikika kama nyuki chumbani. Tena kila wati inayoliwa na feni yapunguza safari ambayo betri ingeweza kuifika.

Tujifunze nini?

Kando ya barabara ya Uvira fundi hufungua mota ya feni, akapuliza vumbi, akabadili makaa, akatia mafuta kidogo, na hewa ikarudi. Mikono yake ni hodari. Lakini sumaku aliyoishika ilitengenezwa mbali, labda kwa mawe yanayofanana na yale ya milima aionayo kila asubuhi. Kati ya jiwe na sumaku kuna ngazi nyingi, na faida hukaa kwenye ngazi za juu: kutenganisha madini, kuyayeyusha, kuyasaga, kuyapanga. Ngazi hizo hupandwa kwa kemia na hesabu, na kwa umeme usiokatika.

Mwaka 2025 serikali ya Congo ilizuia kobalti kutoka nje kwa miezi kadhaa ili bei ipande, kisha ikaweka vipimo. Hiyo ni haki ya mwenye mali. Lakini mwaka 1978 umetuonyesha ya kuwa mteja akifungiwa mlango hakai akilia. Aenda kutafuta mlango mwingine, na mara nyingine auona. Anayeuza jiwe tu aweza kuachwa kwa siku moja. Anayejua kulifanyia kazi haachwi upesi hivyo.

Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Karonge zilitoka tani 5,000, na wachache tu huku pwani ya ziwa waweza kusimulia zilikwenda wapi na kufanya nini. Basi wazazi na walimu wa Uvira wawaonyeshe watoto milima ile ya ng'ambo, na wawaambie kilichomo. Kisha wawape mota mbovu ya feni na bisibisi, waifungue.