Kioo Hakisikiki: Namna ya Kuwaenzi Wapigaji wa Studio wa Nashville

Machi 2015, jumba la makumbusho la Country Music Hall of Fame mjini Nashville, jimbo la Tennessee, lilifungua onesho lililoitwa Dylan, Cash, and the Nashville Cats: A New Music City. Nia yake ilikuwa kuwatoa gizani wapigaji wa studio, yaani watu waliokodiwa kwa saa, ambao magitaa, besi, dramu na harmonika zao zinasikika katika rekodi nyingi mno za kantri ilhali wanunuzi wa rekodi hizo hawakuyajua majina yao. Ili wapate nafasi hiyo, ilibidi watanguliwe na waimbaji wawili mashuhuri, Bob Dylan na Johnny Cash. Siulaumu uamuzi huo. Makumbusho huishi kwa wageni, na wageni huvutwa na majina wanayoyafahamu. Lakini kuna swali zito nyuma yake: inawezekanaje kumuenzi mtu ambaye umahiri wake ulikuwa kutomfunika mwingine, bila kumgeuza kuwa nyota mdogo?

Nashikilia kwamba inawezekana, ila si kwa utaratibu uliozoeleka wa kutundika ala ndani ya kabati la kioo na kuandika chini yake jina la mwenyewe na wimbo alioupiga. Utaratibu huo unamfaa mwimbaji. Gitaa la nyota huheshimiwa kwa kuwa nyota alilishika, basi. Mpigaji wa studio hakuajiriwa kwa ajili ya haiba yake. Aliajiriwa kusikiliza, kuamua haraka pamoja na wenzake watano au sita, na kujua mahali pa kunyamaza. Hayo hayaonekani kwenye mbao wala kwenye nyuzi.

Tuchukue wimbo ambao wasikilizaji wengi wa redio nchini Kenya, ambako kantri ina wapenzi wa miaka mingi, wanaufahamu vizuri: He'll Have to Go wa Jim Reeves. Ulirekodiwa Oktoba 1959 katika Studio B ya kampuni ya RCA mjini Nashville, chini ya usimamizi wa Chet Atkins. Floyd Cramer alikuwa kwenye piano, Bob Moore kwenye besi, Buddy Harman kwenye dramu, Hank Garland kwenye gitaa, Marvin Hughes kwenye vibrafoni, na kundi la Anita Kerr likaitikia. Usikilize tena, safari hii ukimwacha Reeves kando. Harman anagusa dramu kwa wepesi kiasi kwamba unahisi mwendo kabla hujaisikia ngoma. Cramer haingii mpaka mwimbaji avute pumzi. Hapo anaweka sauti mbili tatu, kisha anaondoka. Ile hali ya mtu anayenong'ona kwenye simu usiku, ambayo sote tunampa Reeves sifa yake, imejengwa na wapigaji watano na waitikiaji waliokubaliana kuacha nafasi wazi katikati. Ukiiweka piano ya Cramer kwenye jukwaa la makumbusho, mgeni ataona piano. Nafasi ile wazi haitaonekana popote.

Mazingira ya kazi yenyewe yanahitaji kuelezwa kwanza. Kikao cha kurekodi kilikuwa cha saa tatu kwa kiwango cha malipo cha chama cha wanamuziki, na katika saa hizo zilitarajiwa nyimbo tatu au nne. Hapakuwa na mazoezi. Mara nyingi wapigaji walikuwa wakiusikia wimbo kwa mara ya kwanza palepale, kisha wakabuni mianzo, viitikio na vipande vya katikati wakiwa wamesimama. Kilichowawezesha ni karatasi. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Neal Matthews wa kundi la Jordanaires alianza kuandika mfuatano wa sauti za wimbo kwa tarakimu badala ya herufi. Mpigaji wa studio Charlie McCoy na wenzake wakaueneza mtindo huo miongoni mwa wapiga ala. Namba 1 ni sauti ya nyumbani, na 4 na 5 ni zile zinazoizunguka. Mwimbaji akisema sauti iko juu mno, hakuna kinachofutwa: 1 inahamishwa, na zingine zote zinaifuata. Yeyote aliyeimba kwaya kwa nota za do-re-mi ataielewa mantiki hii mara moja, kwani do nayo huhama kumfuata mwimbaji.

Karatasi moja ya namna hiyo, yenye maandishi ya penseli na mishale ya kukumbushana, ina elimu nyingi kuliko magitaa kumi. Na kando yake ingefaa kusimuliwa habari za Hargus Robbins, mpiga piano aliyepoteza uwezo wa kuona akiwa mtoto mdogo. Hakuweza kuisoma karatasi hiyo. Aliusikiliza wimbo, akaubeba kichwani, akaketi kupiga kwa saa ileile na mshahara uleule wa wenzake, kwa zaidi ya miongo mitano. Hakuna kabati litakalomweleza Robbins bila sauti yake kusikika, na sauti hiyo kutengwa kidogo na zingine ili mgeni aifuate. Ndiyo maana naona vifaa vya kusikilizia ndivyo kiini cha onesho la aina hii, na ala ndizo ziwe pambo lake.

Kuna tukio moja linaloipa hoja hii nguvu zaidi. Mwaka 1960, mwimbaji Marty Robbins alipokuwa akirekodi Don't Worry, sehemu moja ya meza ya kuchanganyia sauti iliharibika, na besi yenye nyuzi sita ya Grady Martin ikatoka na mkwaruzo mkali. Waliokuwepo wangeweza kuifuta na kuanza upya. Waliiacha. Fundi mitambo Glenn Snoddy baadaye akatengeneza kifaa cha kuutoa mkwaruzo ule kwa makusudi, na mwaka 1962 kampuni ya Gibson ikakiingiza sokoni kwa jina la Maestro Fuzz-Tone. Miaka mitatu baadaye kifaa hichohicho kilisikika mwanzoni mwa Satisfaction ya Rolling Stones. Sasa, tuoneshe nini? Besi ya Martin haikuwa na kasoro yoyote, na kile kipande cha meza kilikuwa kibovu tu. Kilichostahili makumbusho ni uamuzi wa kutolifuta kosa, na uamuzi huo ulipita kati ya watu chumbani.

Hata Dylan, ambaye jina lake lilibebeshwa onesho, anathibitisha jambo hili. Februari 1966, akirekodi albamu ya Blonde on Blonde katika studio ya Columbia, aliwaacha wapigaji wakisubiri kwa saa nyingi, wakilipwa, huku yeye akimalizia kuandika maneno. Mnamo saa kumi alfajiri akawaita. Walizoea nyimbo za dakika tatu. Kwa hiyo kila kiitikio kilipokaribia, mpiga dramu Kenny Buttrey na wenzake walipandisha nguvu wakidhani ndiyo tamati, kisha ukaja ubeti mwingine, wakashuka, wakapandisha tena. Wimbo huo, Sad Eyed Lady of the Lowlands, ukachukua zaidi ya dakika 11. Yale mawimbi yanayosifiwa na wahakiki yametokana na nidhamu ya watu wasiojua wimbo utaishia wapi, wala mmoja wao hakuteleza.

Nisieleweke kwamba naidharau ala. Zipo zinazosema zenyewe, hasa zile ambazo mpigaji amezibadilisha kwa mikono yake. Gitaa la chuma lenye pedali ndilo mfano bora. Mpigaji huketi mbele yake kama mtu aliyekaa mezani, anatelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi, na kwa mguu anakanyaga pedali inayovuta uzi mmoja kupanda ilhali mwingine umetulia. Mwaka 1954, Bud Isaacs aliposikika akifanya hivyo katika Slowly wa Webb Pierce, wapigaji wengine walianza kufunga pedali kwenye magitaa yao, kila mmoja akichagua uzi gani uvutwe na kwa kiasi gani. Ukimwonesha mgeni sehemu ya chini ya gitaa hilo, yaani vyuma, vivutio na nyaya zake, unamwonesha fikra za wapigaji kama Lloyd Green au Pete Drake waziwazi. Kwa bahati mbaya makabati mengi huonesha upande wa juu, wenye jina la kampuni.

Makumbusho nyingine mjini humo, Musicians Hall of Fame, iliyofunguliwa 2006 mahsusi kwa ajili ya wapigaji, ilipata funzo chungu kuhusu kuitegemea ala peke yake. Baada ya kuhamishwa ili kupisha ujenzi wa ukumbi wa mikutano, ilihifadhi sehemu ya mkusanyo wake katika ghala, na mafuriko ya Mei 2010 yakaingia humo. Ala kadhaa zisizo na mbadala ziliharibika.

Onesho la heshima linawiwa pia ukweli kuhusu waliobaki nje. Kundi la wapigaji walioitwa kila siku studioni miaka ya 1950 na 1960 lilikuwa dogo, na karibu lote la wanaume weupe. Mpiga gitaa Velma Smith ni miongoni mwa wanawake wachache mno waliopenya. Lakini wapigaji Norbert Putnam, David Briggs na Jerry Carrigan, kabla ya kuhamia Nashville, walijifunza kazi huko Muscle Shoals, Alabama, wakimpigia Arthur Alexander, mwimbaji Mweusi. Ujuzi ulivuka mpaka ambao ajira haikuuvuka. Hili si la kuandikwa kwa herufi ndogo pembeni.

Na heshima yenyewe huchelewa. Grady Martin aliingizwa katika Country Music Hall of Fame mwaka uleule wa 2015, karibu miaka 14 baada ya kufa. Pete Drake, aliyefariki 1988, alichaguliwa 2021. Fungu la wapigaji hupokezana zamu na watunzi na watu wasio wasanii, hivyo huwafikia mara moja kila miaka mitatu, ilhali waimbaji huchaguliwa kila mwaka.

Mwisho kuna malipo, ambayo makumbusho huyakwepa kana kwamba ni aibu kuyataja. Redio za kawaida nchini Marekani humlipa mtunzi wa wimbo zinapoupiga. Hazimlipi mwimbaji wala mpiga ala. Sheria ya 1995 ilileta malipo kutoka kwa matangazo ya kidijitali, na nyimbo za kabla ya 1972 zikaingizwa kwa sheria ya 2018. Katika kila dola 100 za malipo hayo, 50 ni za mwenye rekodi, 45 za msanii mkuu, 2.50 za waitikiaji wote, na 2.50 za wapigaji wote kwa pamoja. He'll Have to Go ukipigwa leo kwenye redio ya setilaiti, fungu la Cramer, Moore, Harman, Garland na Hughes ni hilo la mwisho, na linagawanywa kati yao au warithi wao. Mgawanyo huo uandikwe ukutani kwa maandishi makubwa, karibu na piano.