Rejeta Ina Jina, Mpagazi Hana

Mwambie kijana wa mjini kwamba Rufiji ina historia, haraka haraka atakutajia Maji Maji. Sawa kabisa. Lakini ndugu msomaji, kipo kisa kingine kwenye delta ileile, nacho tumewaachia wageni watusimulie: kisa cha ndege zilizoundwa na kukarabatiwa visiwani, mbele ya mikoko.

Mambo yalianza hivi. Tarehe 20 Septemba 1914, manowari ya Wajerumani iitwayo Königsberg iliizamisha manowari ya Waingereza, Pegasus, pale Unguja. Lakini Königsberg nayo ilikuwa na ubovu wa mitambo. Ikajificha ndani ya delta, upande wa Salale, eneo ambalo leo ni wilaya ya Kibiti. Vyuma vilivyoharibika vikapelekwa Dar es Salaam kutengenezwa, kisha vikarudishwa. Nani aliyevivuta njia nzima? Wapagazi wetu, kwa mikono na mabega.

Waingereza walikaa nje baharini wakikodoa macho. Mikoko iliziba kila kitu, mifereji ni mingi, na kina chake hakikuruhusu meli zao kubwa. Wakahitaji jicho la angani. Basi wakamkodi Dennis Cutler, rubani wa kiraia kutoka Durban, pamoja na ndege ya majini aina ya Curtiss. Novemba 1914 ikashushwa kisiwani Niororo, karibu na Mafia.

Hapa ndipo kisa kinaponinogea. Usidhani palikuwa na karakana ya maana. Palikuwa na ufukwe, mafundi wachache na jua. Rejeta ya ndege ikavuja. Dawa yake? Meli ikatumwa Mombasa, ikarudi na rejeta ya motokaa ya Ford! Fundi yeyote wa Gerezani angewapa mkono. Cutler akaruka tena, na safari hiyo akaiona Königsberg. Desemba alilazimika kutua mtoni, Wajerumani wakamkamata.

Mwaka 1915 zikaja Sopwith mbili. Hizo nazo balaa tupu. Gundi iliyoshika vizuri Uingereza ilishindwa na joto na unyevu wa Pwani; mbao za pangaboi zikaachana, maboya ya kutulia majini yakafumuka, na injini hazikuwa na nguvu ya kupaa juu vya kutosha. Zikafuata ndege za Short, zikapiga picha. Mwezi Juni, Mafia ikiwa tayari mikononi mwa Waingereza, zikafika Caudron mbili na Henri Farman mbili, za magurudumu, na kiwanja kikafyekwa kisiwani.

Tarehe 6 Julai meli mbili za kina kifupi, Severn na Mersey, ziliingia mtoni. Ndege ilizunguka juu ikituma habari kwa simu ya upepo: risasi imepita, risasi imepungua. Siku hiyo hawakuimaliza kazi. Wakarudi tarehe 11. Ndege ya Cull na Arnold ikapigwa, injini ikazima. Arnold akaendelea kutuma masahihisho huku wanashuka! Wakaangukia majini karibu na Mersey, wakaokolewa wote wawili. Kapteni Looff akaamuru meli yake ilipuliwe. Mizinga yake iling'olewa ikapigana nchi kavu. Mmoja umewekwa Fort Jesus, Mombasa.

Wilbur Smith alishaandika riwaya iliyotokana na mkasa huu, Shout at the Devil, mwaka 1968. Simlaumu. Mali ikiachwa wazi, apitaye huokota. Ila tazama nani anakumbukwa. Rubani tunamjua kwa jina. Kapteni tunamjua. Hata rejeta tunajua ni ya Ford! Waliovuta vyuma mpaka Dar es Salaam na kurudi navyo, waliofyeka na kubeba, wao ni "wapagazi" tu, basi. Rejeta ina jina, mpagazi hana.

Wenzangu tunaoota kuandika riwaya, tunalalamika kila siku kwamba hatuna visa, eti mpaka tuige vya ng'ambo. Visa viko Salale, viko Nyamisati, wanakopandia boti za Mafia. Wazee waliosimuliwa na babu zao wanapungua. Nauli ya basi la Kibiti haitushindi. Twende tukaulize majina.