Karatasi za Gari Jekundu

Mali bila daftari hupotea bila habari. Maneno hayo marehemu baba, dereva wa lori huko Tanga, aliyarudia kila alipoikunja kadi ya gari na kuitia mfukoni.

Niliyakumbuka mwaka 2016 nikiwa Ohio, nilipotamani Mazda MX-5 nyekundu ya viti viwili. Ilikwisha tumika, lakini ilikuwa na cheti cha muuzaji kwamba imekaguliwa na ina dhamana.

Ndugu msomaji, nyuma ya karatasi nyingi za pale mezani pana watu waliodanganywa. Zamani wauzaji waliirudisha nyuma mita ya maili, gari lililochoka likaonekana jipya. Mwaka 1972 Bunge la Marekani lilipiga marufuku hila hiyo. Tangu 1985 gari la mtumba dukani lazima libandikwe tangazo la kueleza kama lina dhamana au linauzwa lilivyo. Mwaka 1986 Bunge likaamuru maili ziandikwe kwenye hati yenyewe ya umiliki, si kwenye kikaratasi cha pembeni.

Cheti kilisema maili 31,000. Hati, iliyoandikwa mwaka uliotangulia, ilisema 38,000.

"Kosa la kalamu tu," muuzaji akacheka.

Huenda ni kweli. Lakini cheti kilitoka kwake yeye anayeuza. Hati iliandikwa kabla hajanijua. Nikaiweka kalamu mezani, nikarudi nyumbani kwa basi, moyo ukiniuma. Baba angeniamkia kwa kicheko.