Waigizaji na Risasi

Juzi nilipanda basi Bunda kwenda Musoma, mkononi nina Juliasi Kaizari, tafsiri ya Mwalimu Nyerere wa Butiama. Tamthilia hiyo ya kuuawa kwa mtawala, John Wilkes Booth aliicheza New York na kaka zake wawili Novemba 1864. Wala hakuwa Brutus. Alikuwa Mark Antony, mlilia marehemu! Haikupita miezi mitano, Aprili 14, 1865, alimpiga risasi Rais Lincoln ukumbini Washington, watu wakiangua kicheko kwa komedia ya Mwingereza Tom Taylor.

Tafsiri ilipotoka mwaka 1963 Mwalimu alikuwa Rais. Januari 1964 askari wa Tanganyika waliasi. Kitabu hakukificha, alikisahihisha, akakitoa tena mwaka 1969.