Jabber na vita vya kuchati

Mwishoni mwa miaka ya 1990, mwenye marafiki wengi wa kuchati nao kwenye intaneti alifungua programu tatu au nne kwa mpigo. ICQ, iliyotengenezwa mwaka 1996 na vijana wa kampuni ya Mirabilis ya Israeli, ilikuwa na watu wake. AOL ya Marekani ilikuwa na AIM, na mwaka 1998 ikainunua hiyo ICQ yenyewe. Yahoo nayo ilikuwa na yake. Mtu wa Yahoo hakuweza kumwandikia wa AIM hata neno moja, kama vile mteja wa Vodacom angekatazwa kumpigia wa Airtel.

Julai 1999 Microsoft ikaingia na MSN Messenger. Ilikuwa imechelewa na haina watu, kwa hiyo wahandisi wake wakaifundisha programu yao lugha ya AIM, ili mtumiaji awakute marafiki zake wa AOL humo humo. AOL ikaziba njia. Microsoft ikatafuta uchochoro mwingine, nao ukazibwa. Mchezo ukaendelea hivyo kwa wiki kadhaa, hadi AOL ilipokuja na hila ambayo wahandisi wanaisimulia mpaka leo. Seva yake iliipelekea programu ya AIM data nyingi kupita nafasi iliyotengewa. Data ikafurika, ikageuka amri ndani ya kompyuta ya mteja, na amri ile ikarudisha jibu ambalo AIM halisi peke yake ingeweza kulitoa. Yaani AOL ilitumia tundu la usalama la programu yake yenyewe, mbinu ya wadukuzi kabisa, ili kumbaini mgeni.

Agosti mtaalamu wa usalama Richard Smith alipokea barua pepe ya kuishitaki AOL kwa jambo hilo, kutoka kwa mtu aliyejiita Phil Bucking. Smith alipofuatilia barua ilikotoka, akaikuta imetumwa kutoka mtandao wa Microsoft. Ilipofika Novemba Microsoft ikanyoosha mikono.

Januari ya mwaka huo huo, kabla vita havijaanza, mtayarishaji programu wa jimbo la Iowa aitwaye Jeremie Miller alikuwa ametangaza mradi wake, Jabber. Aliiga barua pepe: kila mtu na anwani yenye jina lake na jina la seva yake, na yeyote mwenye kompyuta na ujuzi kidogo aweke seva yake mwenyewe. Seva ya chuo ingeongea na seva ya kampuni bila kuomba ruhusa kwa mtu. Mwaka 2004 shirika la viwango vya intaneti, IETF, likaipitisha itifaki hiyo kwa jina la XMPP.

Wakati huo hata serikali ya Marekani ilikuwa imeshaingilia. AOL ilipoungana na kampuni ya Time Warner Januari 2001, tume ya mawasiliano, FCC, iliiwekea sharti: isitoe huduma za video kupitia programu yake ya kuchati kwenye nyaya za Time Warner mpaka ifungue mlango kwa washindani. AOL haikufungua. Mwaka 2003 tume ikaliondoa sharti lenyewe.

Mwaka 2005 Google ikaleta Google Talk juu ya XMPP, na mapema 2006 ikaruhusu seva za nje kuongea nayo. Ikashirikiana pia na wana Jabber kutengeneza nyongeza iitwayo Jingle, ya simu za sauti na video. Uzuri wake ni kwamba seva hazikulazimika kubeba picha. Kompyuta ya kwanza hutuma ujumbe wa XMPP wenye orodha: hizi ndizo namna za kubana sauti na video ninazozijua, na hizi anwani unazoweza kunipatia. Ya pili huchagua na kukubali. Baada ya hapo, njia ikiwa wazi, picha husafiri moja kwa moja baina ya mashine mbili.

Kwa hiyo ufundi ulikuwepo, tena ulifanya kazi. Ila ukitazama vizuri, waliopigania uwazi kwa sauti kubwa walikuwa wale wasio na watu bado. Microsoft ilidai milango ifunguliwe ilipokuwa mgeni. Google ilifungua ilipokuwa nyuma ya wenzake. Mwaka 2013 ilipoleta Hangouts badala ya Google Talk ikaacha kuunganisha seva za nje. WhatsApp ilijengwa juu ya ejabberd, seva ya XMPP ya chanzo huria, lakini haikuunganishwa na yeyote. Apple nayo, mwaka 2010, kwa kinywa cha Steve Jobs, iliahidi kuifanya FaceTime, programu yake ya simu za video, kiwango huria. Hatujaiona ahadi hiyo ikitimia.

Mikutano ya video nayo ilinufaika na XMPP. Jitsi, mradi alioanzisha Emil Ivov alipokuwa mwanafunzi Strasbourg, Ufaransa, mwaka 2003, hutumia XMPP kupanga nani yumo chumbani hadi leo, na yeyote anaweza kuiweka kwenye seva yake.

Sasa Umoja wa Ulaya nao umefuata njia ya sheria. Septemba 2023 ulizitaja WhatsApp na Messenger ya Facebook kuwa huduma zinazopaswa kupokea meseji za programu nyingine zitakazoomba. Makundi yalipaswa kufuata ndani ya miaka miwili, na simu za sauti na video ndani ya minne. Sheria hiyo inamlinda mtumiaji aliyeko Ulaya tu. Aliyeko Mombasa hayumo.